Tambi za maji kutoka milima ya Gunma

MSAFIRI atokaye jijini Tokyo kwa treni ya mwendo wa kasi na kuelekea kaskazini magharibi huwasili mjini Takasaki, mkoani Gunma, baada ya dakika 50 hivi. Hapo huiaga treni hiyo ya kifahari, akavuka hadi jukwaa dogo la pembeni na kupanda treni nyingine ya mabehewa mawili tu. Hii ni ya kampuni ya Joshin, nayo hutambaa kuelekea milimani mithili ya matatu ya kijijini, ikisimama kila baada ya dakika chache kumpakia mwanafunzi mmoja hapa na ajuza mwenye kikapu cha mboga pale. Reli yenyewe ina urefu wa kilomita 33.7 na imekuwapo tangu mwaka wa 1897. Safari huchukua muda wa saa moja. Kituo cha mwisho kinaitwa Shimonita, na mbele ya hapo reli haiendi tena kwa kuwa milima imeziba njia.

Shimonita ni mji mdogo wa nyumba za mbao, mto wa maji baridi na vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana na miavuli yao, mmoja hana budi kumpisha mwenzake. Wajapani wanaufahamu kwa vyakula viwili. Cha kwanza ni kitunguu cha majani chenye shina nene kama kifundo cha mkono wa mtoto. Cha pili ni konyaku, nacho ndicho kilichonipeleka huko.

Huenda msomaji amekwisha kukutana na konyaku bila kuijua jina. Siku hizi katika baadhi ya maduka makubwa jijini Nairobi huuzwa vifuko vya plastiki vilivyojaa maji, na ndani ya maji hayo mna tambi nyeupe zinazong'aa kama kioo. Wajapani huziita shirataki, yaani maporomoko meupe ya maji. Muuzaji atakwambia kuwa hizo ni tambi zisizonenepesha, na kwamba ukizila badala ya spageti utapungua bila kuhisi njaa.

Kwa hesabu, muuzaji hasemi uongo. Gramu 100 za spageti iliyochemshwa zina kalori 150 hadi 160. Gramu 100 za shirataki hazifiki hata kalori 15. Maana yake ni kuwa sahani ya spageti ya gramu 250, kabla hujaitia mchuzi, ina kalori zipatazo 390, ilhali sahani kama hiyo ya shirataki hazizidi 40. Kwa mtu aliyeonywa na daktari kuhusu uzito wake, au kwa mzee wa kisukari ambaye kila jioni huangalia watoto wakila tambi naye ametengewa bakuli lake la mboga kando, hiyo si habari ndogo.

Lakini chakula kinachojaza tumbo bila kuulisha mwili ni chakula cha namna gani? Nani alikibuni, na alitaka nini? Maswali hayo hayajibiki kwa kusoma maandishi ya kwenye kifuko. Kutembea kwingi ni kuona mengi.

Bonde lisilofaa mpunga

Ukiketi upande wa dirisha katika treni ya Joshin, utafahamu mara moja kwa nini konyaku ilikita mizizi huku. Karibu na Takasaki kuna mashamba tambarare na nyumba nyingi. Kadiri treni inavyosonga, vilima husogeleana, na upande wa kulia hujitokeza Mlima Myogi, wenye majabali yaliyochongoka kama meno ya papa. Ardhi imeinama, udongo una kokoto, na maji hayatuami. Mpunga, ambao ndio roho ya Mjapani, haukubali mahali kama hapo. Watu wa huku walilazimika kutafuta riziki kwa njia nyingine.

Njia ya kwanza ilikuwa hariri. Katikati ya safari treni hupita mjini Tomioka, ambako serikali ya Japani ilifungua kiwanda cha kusokota nyuzi za hariri mwaka wa 1872 kikisimamiwa na Mfaransa, Paul Brunat. Majengo yake ya matofali mekundu yangali yamesimama, na mwaka wa 2014 yaliandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Huko Shimonita kwenyewe kuna mahali paitwapo Arafune, ambapo upepo baridi hutoka katikati ya mawe hata wakati wa kiangazi. Wenyeji walipatumia kuhifadhia mayai ya nondo wa hariri ili yasianguliwe kabla ya wakati. Ni friji iliyojengwa na Mungu, nayo pia imo katika urithi huo.

Njia ya pili ilikuwa konyaku. Hariri imekwisha nguvu, lakini konyaku ingalipo. Zaidi ya asilimia 90 ya viazi vya konyaku vinavyolimwa Japani hutoka katika mkoa huu mmoja wa Gunma.

Binamu yake nduma

Kiazi chenyewe, kwa sura, hakimvutii mtu. Ni cha mviringo, kimebapa kidogo, kina ngozi ya kahawia na kishimo katikati kinapochomoza chipukizi. Mkenya akikiona atakumbuka nduma, na hatakuwa amekosea sana, maana konyaku na nduma ni wa ukoo mmoja wa mimea. Kama ilivyo nduma mbichi, kiazi hiki kikiliwa bila kupikwa huwasha ulimi na koo kana kwamba mtu ametafuna sindano. Hata mikono ya wanaokimenya huwashwa. Jamaa zake wengine huota porini katika Afrika Mashariki yetu hii, ila asije mtu akaenda kuvichimba akidhani amepata tambi za bure. Mmea wa porini usioujua ni sumu mpaka mjuzi akuthibitishie vinginevyo.

Subira anayohitaji mkulima wa konyaku ingemchosha mkulima wa mahindi. Vitoto vya kiazi hupandwa majira ya kuchipua, mnamo Mei. Oktoba na Novemba majani yakishanyauka, vyote hufukuliwa, maana baridi ya huku ingeviozesha ardhini. Huwekwa ghalani penye joto la wastani kipindi chote cha baridi, kisha Mei hurudishwa shambani. Mwaka wa pili hali ni hiyo hiyo. Ni mwaka wa tatu ndipo kiazi hufikia kilo mbili au tatu na kufaa kuuzwa. Kisipovunwa kikaachwa hadi mwaka wa tano hivi, hutoa ua kubwa la rangi ya zambarau iliyokoza, linalonuka kama mzoga. Nzi hulipenda. Mkulima halipendi, kwani likichanua kiazi nacho huwa kimejimaliza.

Kilo tatu katika miaka mitatu! Tena kwa kuinama mara sita, mara tatu kupanda na mara tatu kufukua. Siku hizi mashamba makubwa yamehamia kwenye ardhi tambarare chini ya Mlima Akagi, ambako matrekta hufanya kazi hiyo. Katika miteremko ya Shimonita mashamba ni madogo, na waliomo aghalabu ni wazee. Kijiji jirani cha Nanmoku kinajulikana Japani nzima kwa jambo moja. Zaidi ya nusu ya wakazi wake wana umri wa miaka 65 au zaidi.

Kutoka unga hadi tambi

Katika mji wa Kanra, ulio kwenye reli hiyo hiyo kabla ya kufika Tomioka, kuna kiwanda chenye bustani ya wageni kiitwacho Konnyaku Park. Watu huja na watoto wao kutazama kupitia vioo jinsi kazi inavyofanywa, kisha huonjeshwa vyakula vya konyaku vya kila aina bila malipo. Ni mahali pazuri pa kuelewa kinachotendeka kabla kifuko hakijafika dukani.

Kiazi huoshwa, hukatwa vipande vyembamba kama kripsi, hukaushwa, kisha husagwa. Wakati wa kusaga hupulizwa upepo. Wanga mwepesi hupeperuka kama makapi ya mtama kwenye ungo, na chembe nzito hubaki. Chembe hizo ndizo hazina yote ya konyaku. Ni aina ya nyuzinyuzi iitwayo glukomanani, ambayo tumbo la mwanadamu haliwezi kuivunja ili ipate nguvu. Ajabu yake ni kiu. Unga kidogo ukitiwa majini huyanywa maji yote na kuvimba hadi kuwa uji mzito wa kunata. Uji huo huchanganywa na maji ya chokaa, ukapashwa moto, nao huganda. Ukigandishwa ndani ya chombo, hupatikana mche mzito wa rangi ya kijivu uitwao konyaku. Ukisukumwa kupitia tundu ndogo ndogo hadi ndani ya maji ya moto, hupatikana shirataki.

Kwa hivyo, anayenunua gramu 100 za shirataki amenunua maji yapatayo gramu 97, na kinachosalia ni hizo nyuzinyuzi na chokaa kidogo. Hiyo ndiyo siri nzima ya kalori. Hakuna muujiza. Ni maji yaliyofundishwa kusimama.

Ufundi wa kukausha na kusaga unasemekana uligunduliwa mwaka wa 1776 na mkulima Nakajima Toemon, wa upande wa Mito, mashariki ya Gunma. Masimulizi ya Wajapani yasema kuwa aliona vipande vya kiazi vilivyokatwa vikakauka na kuwa vyeupe, akajaribu kuvisaga. Kabla yake, kiazi kibichi kilikuwa kizito kubeba na chepesi kuoza. Baada yake, konyaku iliweza kusafirishwa kokote na kuliwa mwaka mzima.

Badala ya nini?

Siku yangu ya Shimonita ilikuwa ya Novemba, wakati wa mavuno, na upepo ulikuwa unakata masikio. Karibu na kituo cha treni bibi mmoja alikuwa akiuza konyaku ya moto iliyochomekwa kwenye kijiti na kupakwa miso, yaani ule uji mzito wa chumvi unaotengenezwa kwa soya iliyochachushwa. Niliinunua, nikaila nikiwa nimesimama. Inanesanesa mdomoni, si laini kama jeli wala si ngumu kama nyama, na yenyewe haina ladha ya kujivunia. Utamu wote umo katika miso na katika ule moto unaoshuka kifuani.

Kupitia kwa kijana aliyekuwa akinitafsiria, nilimuuliza bibi yule wao huila badala ya nini. Swali lilimshangaza, akaomba lirudiwe. Hatimaye alicheka na kusema kuwa hawaili badala ya chochote. Wanaila konyaku kwa kuwa ni konyaku.

Jibu hilo ndilo lililonifumbua macho zaidi ya takwimu zote. Katika nchi yake, konyaku haikupata kuwa tambi za uongo. Vipande vyake huchemshwa ndani ya oden, mchuzi wa majira ya baridi wenye mayai, figili na maandazi ya samaki. Shirataki hutiwa ndani ya sukiyaki, pamoja na nyama ya ng'ombe na vitunguu vya majani, ili zinyonye rangi ya mchuzi na kumpa mlaji kitu cha kutafuna. Wali huwa upande wa pili, ukitoa nguvu. Wazee wa zamani waliiita konyaku ufagio wa tumbo, wakiamini kuwa hufagia mchanga uliobaki matumboni. Mchanga hamna, bila shaka, lakini nyuzinyuzi kweli husaidia choo kupita bila shida. Hata katika siku ya kuzipumzisha sindano zilizovunjika, inayoadhimishwa sehemu nyingi tarehe 8 Februari, mafundi wa nguo huzichoma sindano hizo ndani ya tofu au konyaku, ili baada ya kazi ngumu ya mwaka mzima zipate mahali laini pa kulala.

Pamoja na hayo, kitu hiki kipole kimewahi kutumiwa kwa ukatili. Kati ya Novemba 1944 na Aprili 1945, jeshi la Japani liliachilia maputo yapatayo 9,300 yenye mabomu ili yabebwe na upepo kuvuka bahari ya Pasifiki hadi Marekani. Maputo yalikuwa ya karatasi, na gundi iliyounganisha karatasi hizo ilitengenezwa kwa unga wa konyaku. Wasichana wa shule waliandikwa kazi ya kuzibandika, nao walikuwa na njaa. Bomu moja lililipuka jimboni Oregon tarehe 5 Mei 1945 na kuwaua mama mmoja mjamzito na watoto 5 waliokuwa wametoka kutembea msituni. Chakula kisicho na nguvu ya kumlisha mtu kilipata nguvu ya kuvuka bahari na kuua.

Jikoni kwetu

Tukirudi sasa katika maisha ya mjini Kenya, je, tambi hizi zapikwaje? Nyumbani tulizijaribu kwa namna tatu, na matokeo yalikuwa matatu.

Kwanza, matayarisho. Ukifungua kifuko utapokewa na harufu ya samaki, ijapokuwa hamna samaki yeyote ndani. Usiogope wala usizitupe. Mwaga maji yote, uzisuuze kwenye chujio chini ya mfereji kwa dakika moja au mbili. Zitokose katika maji safi kwa dakika mbili au tatu, uzichuje, kisha uzitie kwenye kikaango kikavu bila mafuta. Zigeuzegeuze mpaka mvuke uishe na zianze kulia zikigusa chuma. Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayoondoa umajimaji. Mwishowe zikate vipande vifupi kwa makasi safi, kwa maana hazikatiki meno yakizigusa kama spageti ikatikavyo.

Namna ya kwanza, tulizipika kwa mchuzi wa nyama ya kusaga, nyanya, vitunguu na pilipili hoho. Mchuzi ukiwa mzito, zilikubali. Watoto walisema zinateleza, wakamaliza. Namna ya pili, tulizipika kwa sukari, iliki na zabibu kavu, kama tambi za siku ya Idi zipikwavyo huko Pwani. Hapo zilikataa kabisa. Tambi za ngano hunywa tui na sukari hadi ndani, lakini hizi zimekwisha kunywa maji yao na hazina nafasi ya kingine. Sukari ilibaki nje, tambi ndani, kila moja ikiwa mgeni kwa mwenzake.

Namna ya tatu ndiyo iliyoshinda. Tulichanganya nusu spageti na nusu shirataki ndani ya sufuria moja na kuzitia mchuzi ule ule wa nyama. Sahani ya gramu 250 ikashuka kutoka kalori 390 hadi karibu 210, na hakuna aliyelalamika mezani. Mzee hakutengewa bakuli lake peke yake. Alikula katika sinia moja na wajukuu, akachota alipochota. Nani atapima kwa kalori jambo kama hilo?

Lakini kabla hujakimbilia dukani, tazama chupa ya mafuta iliyo karibu na jiko lako. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120. Anayemimina vijiko vitatu katika sahani yake amerudisha kalori 360, karibu zote alizoziokoa kwa kuiacha spageti. Tui zito la nazi nalo ni hivyo hivyo. Wengi wanaodai kuwa tambi hizi hazikuwasaidia hawakushindwa na tambi. Walishindwa na mchuzi.

Kuna na suala la bei. Kifuko kimoja cha shirataki, ambacho ni mlo wa mtu mmoja au wawili, huuzwa kwa bei iliyo mara kadhaa ya pakiti ya spageti inayolisha familia. Asiyezimudu hajapoteza kitu. Kabichi iliyokatwa nyembamba kama uzi, ikatiwa kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili tu, ina kalori 25 kwa gramu 100, na zaidi ya hayo ina vitamini C, ambayo konyaku haina. Mumunye changa likikatwa vipande virefu vyembamba hufaa pia. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu uko sokoni Gikomba na Kongowea, na bei yake yajulikana.

Tahadhari

Wataalamu hawaipuuzi konyaku. Mwaka wa 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilikubali kuwa gramu 3 za glukomanani kwa siku, zikigawanywa mara tatu na kumezwa kabla ya mlo pamoja na glasi moja au mbili za maji, husaidia kupunguza uzito. Hata hivyo, ilitia sharti kwamba mtu huyo awe pia anapunguza chakula anachokula. Unga wa konyaku peke yake, bila kupunguza kingine, hauna ahadi hiyo.

Maji yanatajwa kwa sababu nzuri. Kitu kinachovimba namna ile kikimezwa kikavu chaweza kuvimbia kooni. Vidonge vya unga huu vimewahi kuziba koo za watu, na vikombe vidogo vya jeli ya konyaku vimewasakama watoto na wazee hadi kufa, huko Japani na kwingineko. Mwaka wa 2002 Umoja wa Ulaya ulizuia uuzaji wa jeli za aina hiyo. Tambi zilizokwisha kuvimba majini hazina hatari kubwa kama hiyo, ila mtoto mdogo na mzee asiye na meno wakatiwe vipande vifupi, nao watafune taratibu.

La muhimu kupita yote ni la mgonjwa wa kisukari. Anayetumia insulini, au vidonge fulani vya kushusha sukari, dawa yake imepimwa kulingana na wanga anaokula. Akiamka siku moja akaondoa wanga wote na kuweka tambi za maji, huku dawa ikibaki ile ile, sukari yaweza kushuka mno, akatetemeka, akatokwa na jasho na hata kuzirai. Azungumze na daktari au muuguzi wa kliniki yake kabla ya kubadilisha, wala si baada. Mtoto anayekua naye hahitaji tambi hizi hata kidogo, isipokuwa daktari akisema. Yeye anataka chakula kinachojenga.

Kilichobaki kujulikana na msomaji ni hali ya wale wanaozilima. Vijana wa Japani wanakula konyaku kidogo kuliko walivyokula babu zao, wengi wakipendelea spageti na mikate. Wakati huo huo, watu wa Ulaya, Marekani, na sasa Nairobi, wanaitafuta ili waikimbie spageti. China hulima konyaku nyingi zaidi, na serikali ya Japani huwakinga wakulima wake kwa ushuru mkubwa ajabu unaohesabiwa kwa mara kadhaa ya bei ya bidhaa yenyewe. Bila ushuru huo, miteremko ya Shimonita huenda ingekwisha kurudi kuwa msitu.

Kwa hiyo anayezinunua azinunue kwa jina lake. Akizila akizilinganisha na spageti, kila tonge litamkumbusha alichokikosa. Akizila kama mboga ngeni ya kutafuna, iliyonyweshwa mchuzi mzuri, ikiwa na kipande cha nyama au maharagwe kando na wanga kiasi wa kumpa nguvu, atakuwa amepata sahani kubwa yenye mzigo mdogo. Tumbo halipendi kudanganywa, lakini kusaidiwa linakubali.

Na kwa mwanafunzi atakayebahatika kufika Japani kwa masomo, nauli ya kwenda Shimonita si hasara. Aende Novemba, avae koti zito, na ashuke kituo cha mwisho akiwa na njaa. Ila kabla ya kupanda treni ya kurudi atafute na wali, kwani konyaku ya bibi itampasha moto, lakini haitamfikisha Takasaki akiwa ameshiba.